Roki mbadala: mbadala wa nini?

Mtu akikuambia kwa mara ya kwanza usikilize bendi ya Uingereza ya "roki mbadala", una haki ya kuuliza: mbadala wa nini? Niliuliza hivyo usiku nilioanza kuwasikiliza The Smiths. Nilitegemea makelele na mtu wa kupiga mayowe. Nikakuta gitaa safi, linatiririka noti kwa noti, likanikumbusha magitaa ya solo ya muziki wa dansi niliokulia, na juu yake sauti ya mwanamume anayelalamika taratibu kama anayejisomea barua yake mwenyewe. Umbadala wenyewe sikuusikia popote. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa nautafuta masikioni, kumbe neno hili lilianzia kwenye biashara: nani analipia santuri, nani anaifyatua, na nani anaifikisha dukani.

Katikati ya miaka ya 1970, njia ya kawaida ya msanii wa Uingereza ilikuwa kupitia kampuni kubwa kama EMI au CBS. Kampuni ililipia studio, ikafyatua santuri na kuzisambaza nchi nzima. Usipochukuliwa, nyimbo zako zilibaki za kupigia ukumbini mtaani kwenu. Kisha mwishoni mwa Desemba 1976, vijana wa bendi ya Buzzcocks ya Manchester wakafanya jambo dogo lililobadilisha mengi. Walikopa pauni 500 hivi kwa watu wa karibu, wakaingia studio, wakamaliza nyimbo nne kwa siku moja, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe, yaani kampuni yao ndogo ya kutoa santuri. Zikaisha. Wakafyatua nyingine, zikaisha tena, hadi zikafika maelfu. Vijana wa miji mingine wakaona kwamba kumbe inawezekana.

Ila kufyatua ni nusu ya kazi. Santuri 1,000 zikikaa chini ya kitanda chako hazina faida. Hapo akaingia Geoff Travis, aliyefungua duka la santuri la Rough Trade magharibi mwa London mwaka 1976. Mwaka 1978 duka likazaa lebo, kisha Rough Trade na maduka mengine ya mikoani wakaungana kusambaza santuri za wadogo bila kupita kwa wakubwa. Lebo hiyo ilijulikana kwa mkataba wake: gharama zikishatolewa, faida inagawanywa nusu kwa nusu kati yake na wasanii. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuona mikataba ya muziki, hilo si jambo dogo.

Januari 1980 Uingereza ikapata chati maalumu ya santuri hizi, na kigezo cha kuingia ndicho kinachofafanua dhana nzima. Hakuna aliyeuliza gitaa lako linaliaje. Waliuliza santuri yako imesambazwa na nani. Ikiwa haikupita kwa kampuni kubwa, iwe rege, roki au muziki wa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme, imo. Waingereza waliita kundi hili indi, kifupi cha neno lao lenye maana ya "inayojitegemea". Neno "mbadala" lilishika zaidi Marekani, ambako muziki wa namna hii ulipigwa na redio za vyuo vikuu. Mwaka 1991 tuzo za Grammy zikaanza kuwa na kipengele chake, na mwaka huohuo bendi ya Marekani ya Nirvana wakatoa albamu chini ya kampuni kubwa ikauza mamilioni. Tangu hapo mbadala ikawa jina la ladha tu. Ndiyo sababu leo utaona bendi tajiri kabisa inaitwa hivyo na unashindwa kuelewa.

The Smiths walikuja kabla mambo hayajachanganyika hivyo. Walianza Manchester mwaka 1982: Morrissey akiandika mashairi na kuimba, Johnny Marr kwenye gitaa, Andy Rourke besi, Mike Joyce dramu. Jina walilichagua kwa sababu ni la kawaida mno. Ni kama bendi ya kwetu ijiite Akina Juma. Marr na Rourke walibeba kanda yao hadi London, wakamkabidhi Travis mkononi, na Mei 1983 singo yao ya kwanza, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja mkuu, ikatoka. Februari 1985 albamu yao ya pili ikashika namba moja kwenye chati kuu ya Uingereza, si ile ya wadogo, wakiwa bado na lebo iliyozaliwa dukani. Nikiulizwa mfano mmoja wa umbadala, nataja huo.

Lakini kujitegemea hakukumaanisha haki kwa kila mtu. Lebo iligawana faida nusu kwa nusu na wasanii, ila ndani ya bendi Morrissey na Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja, Rourke na Joyce asilimia 10 kila mmoja. Bendi ilivunjika 1987, ikiwa imeshasaini na EMI bila kuwarekodia albamu hata moja. Joyce akaenda mahakamani kudai robo yake, na Desemba 1996 akashinda. Inaniuma kila nikisikiliza ile besi ya Rourke, maana nyimbo nyingi anazibeba yeye.

Anayeanza leo, ningemshauri aanze na mkusanyiko wa Novemba 1984 unaoitwa Hatful of Hollow. Sehemu kubwa yake ilirekodiwa kwa ajili ya vipindi vya BBC Radio 1, kikiwemo cha John Peel, mtangazaji aliyewapa nafasi wasanii wengi wa lebo ndogo. Nyimbo ziko wazi, hazijapakwa mapambo. Humo umo pia How Soon Is Now?, ambao lebo yenyewe iliuweka kwanza upande wa pili wa singo kana kwamba ni wa kujazia. Zima taa, vaa spika za masikioni. Lile gitaa linalotetema mwanzo hadi mwisho lilipitishwa kwenye amplifaya nne. Marr na mtayarishaji John Porter wakasimamia mbili mbili, wakizungusha vitufe kwa mkono ili mtetemo uende na dramu. Mtetemo ukipotea njia, walisimamisha kanda, wakairudisha nyuma, wakaanza tena, kipande kwa kipande.