Tabaka dhaifu: sukari iliyofichwa chini ya theluji

Asiyeijua milima ya baridi hudhani poromoko la theluji ni donge linalobiringika huku likinenepa. Katika Milima ya Rocky, jimboni Colorado, Marekani, wanaopanda kuteleza kwa skii (mbao ndefu za kuvaa miguuni) nje ya viwanja vyenye walinzi huuawa zaidi na bamba: upande mzima wa mteremko unaokatika na kuteleza kwa pamoja, nao wakiwa juu yake. Bamba lenyewe ni theluji iliyoshikana vizuri. Kasoro iko chini yake, kwenye tabaka dhaifu.

Theluji hujipanga kwa matabaka, kila dhoruba na lake, na kila tabaka huendelea kubadilika baada ya kuanguka. Ile ya Oktoba au Novemba huwa haba, tuseme sentimita 40. Ardhi iliyo chini yake bado iko karibu na nyuzi 0, lakini juu, usiku usio na mawingu, baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote ikibanwa kwenye unene mdogo namna hiyo, mvuke hupanda kutoka chini na kuziunda chembe upya: kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota kwa mkono zinapita katikati ya vidole. Wenyeji huiita theluji ya sukari, na sioni jina bora. Theluji nene haizai sukari hii kwa urahisi, maana tofauti ya joto hutawanyika ndani yake. Kwa hiyo mwanzo mkavu wa msimu ndio huacha balaa la miezi ijayo.

Mwaga sukari kwenye sinia, laza kigae juu yake, kisha inua sinia upande mmoja. Mlimani, kigae, yaani bamba, huletwa na dhoruba za baadaye, na zaidi upepo, unaokomba theluji upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili. Mteremko ukiwa na mwinuko wa digrii 30 hadi 45, kinachongojewa ni uzito wa mtu mmoja. Sukari inabonyea, inasikika sauti nzito kama ya mtu anayeshusha pumzi, na ufa unakimbia. Katika ajali nyingi aliyelichokoza bamba ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Akifukiwa na kufukuliwa ndani ya dakika 10 hivi, huwa na nafasi kubwa ya kupona. Baada ya nusu saa, wengi huwa wameshakosa hewa.

Kinachowaponza hata wazoefu ni alama za skii. Wanaona watu watano wamepita salama, nao wanafuata. Lakini pale bamba lilipo nene, uzito wa mtu huenda usifike chini kwenye sukari. Wa sita anakata kona karibu na jiwe lililochomoza, ambapo bamba ni jembamba, na mteremko wote unaondoka.