Je, tsunami inaweza kutokea Ziwa Kivu?

Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ya Goma ilikuwa haitulii. Unaweka kikombe cha chai mezani, chai inacheza yenyewe. Jioni moja mpwa wangu alirudi kutoka ziwani na bidoni mbili tupu. "Tonton, mimi kule sishuki tena. Kwa namna hii ya kutikisika, ziwa si litatumwagikia kama tsunami?"

Nilicheka, kisha nikajikuta sina jibu.

Chukua beseni la maji ulipulizie. Utaona viwimbi juu juu, chini maji yametulia. Upepo hauna nguvu zaidi ya hapo. Sasa ligonge kwa chini, au utumbukize jiwe la lava (Goma hatuyakosi). Maji yote yanahama, ya chini na ya juu kwa pamoja. Tsunami ni hiyo.

Kwa hiyo tetemeko peke yake halitoshi, hata likiwa kubwa. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu na Sumatra, tetemeko la 9.1 liliinua sakafu ya bahari kwa mita kadhaa kwenye ufa wa zaidi ya kilomita 1,200. Watu 230,000 hivi walikufa, wengi wao Aceh, lakini maji yaliua hata Hafun kule Somalia, baada ya kuvuka bahari nzima kwa saa saba hivi. Halafu 11 Aprili 2012, bahari ileile, likaja tetemeko la 8.6. Watu walikimbilia milimani, bahari ikapanda kidogo tu. Kwa nini? Safari hii miamba iliteleza ubavu kwa ubavu, haikupanda wala kushuka, na maji hayakupata wa kuyasukuma.

Huku kwetu ardhi inavutwa pande mbili, na vipande vyake hushuka, kwa hiyo sakafu ya Kivu inaweza kusogea. Ila nguvu ni ndogo. Tetemeko lililobomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya Rwanda mnamo 3 Februari 2008 lilikuwa la 5.9. Lile la Sumatra lilitoa nguvu zaidi ya mara 60,000 ya hilo.

Linaloninyima usingizi mimi ni lile jiwe la beseni. Mwaka 563 mlima uliporomoka upande wa mashariki wa ziwa la Geneva, na wimbi likaenda kuruka kuta za mji wa Geneva, kilomita 70 hivi kutoka hapo. Na lile ni ziwa dogo kuliko Kivu, na halina kina kama chetu. Oktoba 1963 huko Vajont, Italia, ubavu wa mlima uliangukia bwawa la umeme. Maji yakaruka juu ya ukuta na kuua watu karibu 2,000 bondeni. Ukuta wenyewe umesimama hadi leo.

Sasa tazama miteremko ya Kalehe inavyoinamia ziwa. Mei 2023 mvua ilishusha matope na mawe yakafagia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Hayo yalikuwa mafuriko ya kutoka juu, ziwa halikuhusika. Lakini kipande kizima cha mlima kikidondoka majini kwa mara moja, wimbi lake kwenye kina cha mita 240 lingekimbia kilomita 170 hivi kwa saa. Boti gani ya Bukavu itashindana nalo?

Tena wakubwa hapa Goma siku zile walikuwa na hofu nyingine. Chini kabisa ya Kivu kumelala kaboni dioksidi, gesi ileile ya mazuku inayotoka ardhini na kuua watu kimya kimya, pamoja na methani. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotapika gesi hiyo Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo. "Basi nishuke ama nisishuke?"

Nikamwambia ardhi ikitikisika kwa nguvu akiwa ukingoni, bidoni azitupe apande juu, asingoje kuona ziwa litafanya nini.

Asubuhi alishuka. Lava ilikuwa imekata mabomba, na ndoo ya mwisho tuliimaliza usiku.