Kansa ya titi ikishasambaa: maswali ninayoulizwa kwenye korido

Mimi ni nesi, miaka yangu mingi kazini imepita kwenye kliniki ya kansa hapa Dar es Salaam. Maswali mazito huwa hayaulizwi ndani kwa daktari, naulizwa nje kwenye benchi, na binti au dada wa mgonjwa amekumbatia faili kifuani anaongea kwa sauti ya chini ili mama asisikie. Haya ndo yanayojirudia, na ninajibu kama ninavyojibu pale pale benchini.

Tumeambiwa kansa ya mama imeingia kwenye ini na mifupa. Kwa hiyo sasa ana kansa tatu?

Hapana, ana moja. Seli zilizotoka kwenye titi zimepita kwenye damu au kwenye mirija ya limfu zikaenda kutua kwingine, ila bado ni seli za titi, ndo maana mama anapewa dawa za kansa ya titi na sio za kansa ya ini. Kansa hii ina sehemu inazozipenda: mifupa sana, alafu mapafu, ini, na wakati mwingine ubongo. Daktari Mwingereza Stephen Paget aliliona hilo mwaka 1889 alipopitia kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa kansa ya titi, akalifananisha na mbegu na udongo, yani mbegu zinapeperuka kila mahali lakini zinaota pale tu udongo unapozikubali.

Steji ya nne si ndo basi tena?

Nisikufiche, kwa wagonjwa walio wengi kansa iliyosambaa hatuna dawa ya kuimaliza kabisa mwilini. Lakini kutopona ni kitu kimoja na kufa kesho ni kitu kingine. Kuna mama anaishi miezi, kuna mama anaishi miaka, anapika, anaenda harusini, anakuja kliniki kila wiki tatu anatuuliza hali za watoto wetu, na wote wawili kwenye faili wameandikiwa steji ya nne. Tofauti kubwa inatokana na aina ya kansa, imefika wapi, na dawa gani amepata. Kinachoniuma ni familia inayosikia hilo neno steji ya nne inambeba mgonjwa inarudi naye kijijini kumsubiri, wakati hata aina ya kansa yake haijapimwa bado.

Hiyo aina inapimwaje? Kwenye ripoti naona tu herufi, ER, PR, HER2.

Hapo ndo pa kukaa na kuelewa, maana dawa nyingi za kansa nitakazotaja chini zinategemea hizo herufi. ER na PR ni kama vitasa kwenye seli ambavyo homoni za kike, estrojeni na projesteroni, zinaingia kama funguo na kuiambia seli ikue. Vikiwepo, kansa inakula homoni, kwa hiyo tunaitibu kwa kuinyima. HER2 ni protini nyingine ya kwenye ukuta wa seli, ikizidi kansa inakimbia kwa kasi, na wagonjwa kama 15 mpaka 20 katika kila 100 wanayo kwa wingi. Ukikuta vyote vitatu hasi inaitwa hasi tatu, ambayo inawapata zaidi wanawake vijana na wanawake weusi, hasa wenye asili ya Afrika Magharibi, nayo ni ngumu zaidi kutibu.

HER2 inaandikwa kwa namba. 0 na 1 ni hasi, 3 ni chanya, na 2 maana yake bado haijulikani inatakiwa kipimo kingine cha jeni kinaitwa FISH. Nimeona wagonjwa wenye 2 kwenye faili na hakuna aliyewaambia kwamba jibu halijaisha. Uliza.

Na kitu kingine ambacho ndugu ndo wanaweza kukiokoa: kile kinyama cha biopsi, yani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe kikapimwe. Sehemu nyingi ndugu anakabidhiwa kichupa chenye kinyama ndani ya maji ya fomalini akipeleke maabara mwenyewe. Niliwahi kukutana na kijana amekaa na kichupa cha mama yake kwenye mfuko mweusi juu ya kabati wiki nzima akisubiri mshahara alipie kipimo. Kinyama kinatakiwa kikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na saa 72 hivi, kikizidi sana au kikipungua majibu ya ER na HER2 yanaweza kudanganya, na mgonjwa akakosa dawa iliyokuwa yake. Kipeleke siku hiyo hiyo. Wakishakipima wanakihifadhi kwenye nta, kibonge kidogo kama kipande cha mshumaa, na hicho ni mali ya thamani, ukihamia hospitali nyingine kiulizie.

Alafu kansa ikirudi baada ya miaka, kama inawezekana, ombeni ipimwe tena kule ilikotokea upya, kwa sababu hizo herufi zinaweza kubadilika.

Biopsi si ndo inaisambaza? Wanasema kansa ikiguswa na kisu inakasirika.

Hapana. Watu wanaona mtu kapimwa alafu kazidiwa wanaunganisha, kumbe alikuja imeshasambaa. Bila biopsi tunatibu gizani.

Dawa mpya ni zipi hasa?

Nianze na wenye vitasa vya homoni. Zamani ilikuwa tamoksifeni au letrozoli peke yake, vidonge vya kuinyima kansa homoni. Sasa hivi kwa kansa iliyosambaa zinaongezwa vidonge vinavyozuia seli isigawanyike, kama palbosiklibu ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2015, na ribosiklibu mwaka 2017. Mgonjwa anameza siku 21 anapumzika 7. Kwenye utafiti wa ribosiklibu pamoja na letrozoli nusu ya wanawake walivuka miaka 5, wakati wale waliopewa letrozoli peke yake nusu yao waliishi kama miaka 4 na robo. Zinashusha chembe nyeupe za damu kwa hiyo damu lazima ipimwe, na mwenye kumeza hizi asile balungi, kwa kuwa balungi linafanya dawa ijae mwilini kupita kiasi.

Kwa wenye HER2 chanya, dawa iliyobadilisha mambo ni trastuzumabu, wengi mnaijua kwa jina la Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likapitisha dawa ya kwanza inayofanana nayo kutoka kampuni nyingine ili bei ishuke. Ikichanganywa na pertuzumabu, dawa nyingine inayolenga HER2, na kemo, yani zile dawa kali za kuua seli za kansa, kwenye utafiti mmoja mkubwa wanawake 37 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka 8. Miaka 8, steji ya nne! Moyo unapimwa kwa eko, yani ultrasaundi ya moyo, kila miezi mitatu hivi kwa kuwa dawa inaweza kuuchosha.

Alafu kuna kizazi kipya kabisa, Enhertu ni mmojawapo. Kingamwili, yani protini inayotafuta HER2, imefungwa pamoja na kemo, inaishika seli ya kansa, inamezwa na seli, ndo kemo inafunguka huko ndani. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2019, na mwaka 2022 wakairuhusu hata kwa wenye HER2 ya 1, au 2 ambayo FISH yake imetoka hasi, yani watu ambao miaka yote tulikuwa tunawaambia nyie hasi. Unaona kwa nini nasisitiza namba? Ila mgonjwa akianza kikohozi kikavu au kubanwa pumzi akiwa kwenye dawa hii asisubiri kliniki ijayo, inaweza kuunguza mapafu.

Kwa hasi tatu kuna pembrolizumabu pamoja na kemo kama kansa ina alama ya PD-L1. Hii haiui kansa yenyewe, inaondoa breki ambayo kansa imeifunga kwenye kinga ya mwili, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Na waliorithi hitilafu ya jeni ya BRCA kuna olaparibu, ya kumeza.

Bei ndo ukuta, najua. Nyingi ya hizi mtu wa kawaida hawezi kulipa mfukoni, na sio kila hospitali inazo. Nawaambia ndugu waulize kwa mpangilio: je, kwa aina ya mama dawa bora ni ipi, ipo hapa, bima inalipa, na kama hailipi ya pili yake ni ipi. Tamoksifeni ni ya bei ndogo na kwa mwenye ER chanya bado inafanya kazi kubwa. Msiuze nyumba kwa dawa ambayo haiendani na herufi za mgonjwa wenu.

Tunaambiwa atapigwa mionzi mara moja tu. Wanatubania?

Kwa maumivu ya mfupa, dozi moja kubwa inapunguza maumivu sawa na kuja siku nyingi mfululizo. Wakati mwingine inabidi kurudia baadaye, ila kwa mama aliyetoka Songea au Kigoma kuja hospitali ya kansa ya Ocean Road hapa Dar, siku moja badala ya wiki mbili ni msaada mkubwa.

Ameandikiwa mofini. Ndo wamemkatia tamaa?

Hili swali aliniuliza hata mama yangu mdogo. Alikuwa na kansa kwenye uti wa mgongo, wiki tatu analala amekaa, ameegemea mito, kichupa cha mofini kimefungwa kwenye pindo la khanga hakijafunguliwa kwa sababu jirani alimwambia ni dawa ya kufia. Nilimpimia mwenyewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akakunja uso ni chungu ile, nikampa na chai. Usiku ule alilala ubavu. Asubuhi aliomba maji ya kuoga.

Mofini ya maji inatolewa kwa maumivu, haitolewi kwa kifo. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiitumia tangu mwaka 1993. Inanywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, hata kama maumivu hayajarudi, na inafunga choo, kwa hiyo aanze dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

Majani ya mstafeli je?

Kuna vipimo vya maabara vinavyoonyesha majani hayo yanaua seli za kansa kwenye kisahani. Hata jiki inaua seli kwenye kisahani. Kama anakunywa, sitamgombeza, ila daktari aambiwe kwa sababu ini linabeba vyote.

Tumwambie au tumfiche?

Mara nyingi anajua. Mnasubiriana tu, yeye anawalinda nyie na nyie mnamlinda yeye. Mwulize, mama, unataka kujua kiasi gani? Wengine watasema niambieni yote, wengine watasema ongeeni na kaka yangu, na hilo nalo ni jibu lake.

Kitu gani kinaweza kutokea usiku ambacho hakisubiri asubuhi?

Viwili. Mgongo ukimuuma sana alafu miguu ikawa mizito, ganzi, au mkojo haushuki, uti wa mgongo unabanwa, mpelekeni saa hiyo hiyo. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea, akishapooza siku kadhaa kumrudisha ni shida sana.

Cha pili ni homa ya 38 au zaidi kwa aliye kwenye kemo, hata kama amekaa anacheka. Kaeni na kipimajoto nyumbani. Na mkifika mapokezi, kabla ya jina, kabla ya kadi ya bima, semeni yuko kwenye kemo na ana homa.