Mashine ya kupumulia haimpulizii mgonjwa nimonia
Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Masasi hadi Kilwa unadai kuwa mashine ya kupumulia humpulizia mgonjwa mahututi vijidudu vya nimonia, hivyo ndugu wakatae asiwekewe. Si kweli. Nimonia inayowapata walio kwenye mashine ipo, nayo huanza saa 48 au zaidi baada ya kuwekewa mpira wa hewa kooni. Lakini bakteria wake, kama Pseudomonas, mara nyingi hutoka kinywani na kooni mwa mgonjwa mwenyewe, wakateremka na mate kandokando ya mpira hadi mapafuni kwa kuwa hawezi kukohoa vizuri. Mkanganyiko unaeleweka: anayewekewa mashine tayari yu hoi, na akifariki lawama huiangukia mashine. Anayetaka kuhakiki amuulize muuguzi kwa nini kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na kinywa husafishwa kila siku: ni kuzuia bakteria hao wasiteremke na mate. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.