Usiamini Kirahisi: Kanisa Katoliki na Nyumba Zenye Mauzauza

Simu za namna hii huja usiku. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Samahani kwa kukuamsha. Humu ndani hatulali." Kisha maelezo: vishindo darini, mlango unajifunga wenyewe, mtoto anaamka akilia kwamba kuna mtu kasimama kando ya kitanda, na mzee aliyejenga nyumba alifia chumba hicho hicho. Mwisho linakuja ombi: njoo utoe pepo.

Kazi yangu jimboni ni liturujia na katekesi, yaani ibada na mafundisho ya imani. Mimi si mpunga pepo. Ila vitabu vya baraka vinatunzwa ofisini kwetu, kwa hiyo simu nyingi huishia kwangu, nami nimechoka kurudia maneno yale yale saa nane za usiku. Ninakutana na Wakatoliki wa aina mbili. Kuna msomi anayeona haya, anayedhani Kanisa liliachana na habari za pepo tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960. Na kuna anayesikia pepo kila bati linapolia. Wote wawili wangeshangaa wakisoma tunachofundisha.

Kanisa linaamini kwamba pepo wachafu wapo. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitamka kwamba Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakawa waovu kwa kutaka kwao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kitabu cha mafundisho yetu, inarudia hayo katika namba 391 hadi 395, na inaongeza jambo ambalo wahubiri wa kutisha watu hupenda kuliruka: uwezo wa Shetani una mipaka, kwa sababu naye ni kiumbe tu. Tunaposali "utuopoe maovuni" katika Baba Yetu, tunaomba tuokolewe na Mwovu mwenyewe. Ni sala ya kila siku, na watoto wa komunyo ya kwanza wanaijua.

Kuhusu nyumba, mambo ni machache kuliko watu wanavyofikiri. Hakuna fundisho la imani linalomlazimu Mkatoliki kukubali kwamba nyumba fulani ina pepo. Lililopo ni uzoefu wa kichungaji. Wenye utume wa kupunga pepo hutofautisha mtu aliyepagawa, mtu anayesumbuliwa bila kupagawa, na mahali au vitu vilivyovamiwa. Kitabu cha ibada ya kupunga pepo, kilichotolewa upya mwaka 1999 kuchukua nafasi ya kile cha 1614, kinakubali katika nyongeza yake kwamba kazi ya Mwovu inaweza kugusa hata vitu na mahali, na kinatoa sala kwa hali hizo. Basi jibu si "haiwezekani". Jibu ni "inawezekana, lakini tuangalie kwanza."

Mfano ninaoupenda unatoka Afrika yetu hii, na una miaka elfu moja na mia sita. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo (mji ambao leo ni Annaba, Algeria), anasimulia katika kitabu cha 22 cha kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu habari za ofisa mmoja aitwaye Hesperius. Huyu alikuwa na shamba mahali paitwapo Zubedi, katika eneo la Fussala. Watumwa wake na mifugo walikuwa wakiteseka, akatambua kwamba nyumba yake inasumbuliwa na pepo wachafu. Akaja kuomba msaada. Augustino hakuwepo, ikabidi mapadre wake waombwe, na mmoja akaenda. Alifanya nini? Aliadhimisha Misa pale shambani, akasali kwa bidii kadiri alivyoweza usumbufu ukome. Ukakoma.

Tazama ambavyo havimo katika simulizi hilo. Padre hakuzungumza na pepo wala kumuuliza jina na aliyemtuma. Hakuchimba uani kutafuta hirizi. Hakuna jirani aliyetajwa kuwa mchawi, wala mama mkwe, wala bibi kizee wa nyumba ya tatu. Hesperius alikuwa pia na udongo kidogo wa Yerusalemu aliopewa na rafiki, akautundika chumbani ajikinge. Nyumba ilipotulia hakutaka tena kuuweka kule, akaomba uzikwe mahali ambapo patakuwa pa kusalia, Wakristo wakutane hapo. Augustino akaridhia. Kinga ya mtu mmoja ikawa mahali pa sala kwa wote. Mimi huliona hilo kuwa jambo zuri kuliko hata kukoma kwa vishindo.

Simulizi la pili linachekesha, na nadhani Papa Gregori Mkuu alipoliandika mwishoni mwa karne ya 6 alijua kwamba linachekesha. Askofu Datius wa Milano alikuwa safarini kwenda Konstantinopoli, akapita Korintho akitafuta nyumba kubwa ya kulaza msafara wake. Akaoneshwa moja iliyokaa tupu miaka mingi kwa sababu watu walisema Ibilisi ndiye mpangaji. Datius akalala humo humo. Usiku wa manane zikaanza sauti: simba, kondoo, punda, nyoka, nguruwe, panya. Askofu akaamka kwa hasira, akamkemea: wewe uliyesema utakuwa sawa na Aliye Juu, tazama kiburi chako kimekufikisha kulia kama nguruwe na panya! Sauti zikakatika, na nyumba ikapata watu wa kukaa. Sikushauri uige, lakini angalia kwamba mtakatifu huyu hakuonesha hofu. Alimwonea Shetani dharau.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuuma zaidi sisi Waafrika, yaani marehemu. Simu nyingi hazisemi "pepo". Zinasema "babu amerudi", au "mwenye nyumba hajaridhika". Imani yetu inasema mtu anapokufa huhukumiwa papo hapo, hukumu yake binafsi, na huelekea mbinguni moja kwa moja, au kupitia utakaso wa toharani, au kwenye upotevu. Hakuna kundi la nne la roho zilizosahaulika zinazotangatanga kwenye korido zikitafuta kuku mweusi. Augustino, katika kijitabu chake juu ya kuwatunza wafu, anatoa hoja inayonigusa kila ninapoisoma: kama roho za marehemu zingekuwa na uhuru wa kutujia zitakavyo, basi mama yake Monika, aliyemfuata nchi kavu na baharini ili akae naye, asingekosa kumtembelea hata usiku mmoja. Monika alifariki Ostia mwaka 387. Hakuwa akija.

Je, Mungu hawezi kumruhusu marehemu ajitokeze? Wanateolojia wengi wamekubali kwamba anaweza, hasa roho ya toharani inayoomba kuombewa. Huko Roma, katika Kanisa la Moyo Mtakatifu karibu na mto Tiber, kuna chumba kidogo kinachohifadhi vitabu na vitambaa vyenye alama za kuungua, zinazosemwa kuwa zimeachwa na roho za toharani. Kanisa halimlazimu mtu yeyote kuamini alama hizo. Na hata kama ni kweli, marehemu wa namna hiyo anahitaji Misa na rozari, hahitaji kutulizwa kwa damu wala kufukuzwa kwa fujo. Ndiyo maana tuna mwezi mzima wa Novemba kwa ajili yao.

Hapa kuna kanuni ya zamani ambayo ningependa kila jumuiya ndogo ndogo ya waamini iijue. Kitabu kile cha 1614 kinamwonya mpunga pepo asimsadiki pepo anayejidai kuwa roho ya mtakatifu, au ya marehemu, au malaika mwema. Rudia kusoma. Sauti ikisema kupitia kinywa cha binti yenu, "mimi ni bibi yenu, sikuzikwa vizuri, fulani ndiye aliyeniua", Kanisa linasema usiisadiki. Ama ni ugonjwa, ama ni maigizo, ama ni mwongo yule ambaye Yesu alimwita baba wa uongo. Katika hali zote tatu, huyo fulani aliyetajwa hana kesi ya kujibu. Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi akina mama wazee wanaoitwa wachawi, ambao kosa lao ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wakiwapikia wajukuu.

Kitabu hicho hicho kinaanza maonyo yake kwa neno nililolifanya kichwa cha makala haya: kwanza kabisa, asiamini kirahisi. Kwa hiyo ninapopigiwa simu huuliza maswali ambayo hayafanani na ya padre. Dari ni la nini? Bati la moto mchana likipoa usiku hujikunja na kulia kama mtu anayetembea juu. Kuna miti inayoinamia paa? Mama mmoja wa Morogoro, chini kidogo ya milima ya Uluguru, aliniapia kwamba kuna kichanga kinacholia darini kila usiku. Nikaenda mchana na kijana mwenye ngazi. Walikuwa komba wawili. Kwa asiyewahi kumsikia komba usiku, nakuhakikishia: analia kama mtoto aliyeachwa, na nywele zinasimama.

Anayeshindwa kunyanyuka kitandani, anahisi mzigo kifuani na kuona kivuli, amekabwa na jinamizi. Madaktari wanaifahamu hali hiyo vizuri: akili imeamka wakati misuli bado imelala. Inatisha, hasa kwa aliyechoka au anayelala chali, na haiui. Kinachoua ni kingine. Kama watu wengi wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wanachanganyikiwa, wanasikia nyayo na kuona watu wakati wa baridi, nauliza kama wanalala na jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 1921 jarida la madaktari wa macho la Marekani lilichapisha kisa cha familia iliyosikia nyayo na kuona vivuli katika nyumba waliyohamia, hata mimea ikanyauka. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, gesi ikaingia vyumbani. Ukisikia dalili hizo usinisubiri mimi. Toa jiko nje, fungua madirisha, mpeleke mgonjwa hospitali.

Tuseme umeshakagua paa, jiko na afya, na bado kuna jambo. Nenda kwa paroko wako. Uombe baraka ya nyumba, na ikiwezekana Misa nyumbani pamoja na jumuiya. Baraka si dawa hafifu inayotolewa kwa kukosa ile kali. Bwana aliwaambia wafuasi wake waingiapo nyumba yoyote waseme kwanza, "Amani iwemo nyumbani humu", na ndicho padre anachofanya. Maji ya baraka, msalaba ukutani, medali ya Mtakatifu Benedikto, vyote ni visakramenti, yaani ishara takatifu zilizowekwa na Kanisa, vinavyofanya kazi pamoja na sala ya Kanisa na imani ya anayevitumia. Anayepiga maji ya baraka kila kona huku hirizi iko juu ya mlango na kitubio hajafanya mwaka wa tatu, huyo amekigeuza kisakramenti kuwa hirizi ya pili. Katekisimu ina jina la jambo hilo: ushirikina. Na ikiwa nyumba ilizindikwa na mganga, hatua ya kwanza ni kutoa vitu hivyo na kwenda kuungama, kabla hata ya kutafuta padre wa kubariki.

Baraka ya nyumba haina bei. Unaweza kutoa sadaka kwa hiari, lakini anayekutajia kiasi ili "afungue" nyumba, hata akiwa amevaa rozari ndefu kama mkufu wa ng'ombe, mwoneshe mlango.

Ibada kuu ya kupunga pepo ni suala jingine kabisa. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inasema hakuna awezaye kumpunga aliyepagawa kihalali bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Mwaka 1985 idara ya Vatikano ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Ratzinger, iliwaandikia maaskofu kuwakumbusha kwamba walei, yaani waamini wasio na daraja takatifu, hawaruhusiwi kutumia hata ile sala ya kupunga pepo iliyotolewa na Papa Leo XIII. Naona baadhi ya vikundi vya sala wakizungusha kanda za sala hiyo kwenye simu. Wana nia njema, lakini hawana ruhusa. Walei wana Baba Yetu, rozari, sala kwa Malaika Mikaeli, zaburi, kufunga. Mpunga pepo naye ana dalili anazozitafuta: kusema lugha asiyoijua, kujua yaliyofichika, nguvu zisizolingana na umri wake, na chuki kali dhidi ya vitu vitakatifu. Anazipima kwa kusikilizana na daktari, wa akili pia. Mlango unaojifunga haumo katika orodha hiyo.

Mama wa Morogoro nilimbarikia nyumba hata hivyo, kwa sababu aliomba na kwa sababu nilikuwa nimeshafika. Fundi akaziba tundu la dari. Komba wamesharudi mara mbili, na kila mara ananipigia, ila siku hizi ananipigia mchana.