Vipengele saba vya menyu: hesabu iliyoeleweka vibaya

Ukikaa na wabunifu wa programu, haichukui muda mmoja wao atasema menyu, yaani orodha ya amri za kuchagua kwenye skrini, isizidi vipengele saba. Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu huweza kushika kichwani kwa muda mfupi vitu saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Ila Miller alizungumzia kukumbuka. Anayetazama menyu hana cha kukumbuka: orodha iko mbele ya macho yake, kazi yake ni kutambua anachokitaka. Menyu zenyewe zinatupunguzia mzigo wa kukariri amri.

Ukilazimisha saba, vilivyobaki vinasukumwa ndani, menyu juu ya menyu, na hapo ndipo tabu inapoanza. Chukua mtu anayetaka kubadili nenosiri. Anafungua "Mipangilio", anakuta "Jumla", "Akaunti", "Faragha" na "Usalama". Matatu kati ya hayo yanaweza kuwa jibu. Anabahatisha "Faragha", hamna. Anarudi, anajaribu "Akaunti", anakutana na orodha nyingine yenye majina ya kufanana vilevile. Nenosiri liko "Usalama". Orodha moja ndefu, iliyogawanywa kwa mafungu yenye majina yanayoeleweka, ingemfikisha mapema.

Mkono nao una hesabu zake. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wake. Ndiyo faida ya menyu iliyo ukingoni kabisa mwa skrini, kama ya kompyuta za Macintosh za Apple tangu 1984: sukuma kipanya kwa nguvu utakavyo, kishale kitagota pale pale, kana kwamba shabaha ni kubwa zaidi.

Kwangu mimi, kubwa kuliko yote ni kutohamisha vitu. Mtumiaji wa siku nyingi hasomi tena, mkono unakwenda wenyewe. Microsoft ilijaribu werevu katika Office 2000, toleo la programu zake za kazi za ofisi: menyu zikaficha amri zisizotumika sana na kujipanga kwa kufuata mazoea ya mtumiaji. Nia ilikuwa njema, lakini amri uliyoiona jana, leo huioni. Katika Office 2007 mtindo huo ukaachwa.

Mkilazimika kupanga upya, basi angalau "Futa" isikae mahali palipokuwa na "Hifadhi" miaka yote.