Dokta, kwenye nyambizi wanawake wanaruhusiwa?

Aliyeniuliza hivyo alikuwa kwenye kiti cha chumba changu cha vipimo, Kurasini, mkono umefungwa kitambaa cha mashine ya presha. Binti wa miaka ishirini na moja, anasomea uhandisi wa mitambo ya meli, kaja kutafuta cheti cha afya cha baharia ili apate nafasi ya mafunzo kwa vitendo melini. Nilikuwa nimemwomba anyamaze kidogo, maana mtu akiongea presha inapanda. Alinyamaza sekunde tano, kisha akalitoa swali lake.

Nilicheka. Tanzania hatuna nyambizi hata moja. Kamandi ya Wanamaji iko hapo Kigamboni, na vyombo vyake vyote vinaelea juu ya maji. Kumbe jana yake alikuwa amebishana na mjomba wake, baharia mstaafu, aliyemwambia wanawake hawapandi nyambizi kwa sababu hewa ya mle ndani "inaunguza kizazi". Mzee aliyekula chumvi nyingi baharini akisema jambo kama hilo sebuleni, nani atambishia? Mimi nitambishia, kwa heshima zote, kwa sababu hewa wanayovuta watu kazini ndiyo inayonipa ugali.

Kwanza, jibu fupi ni ndiyo, na si jambo la jana. Norway iliwafungulia wanawake nyambizi zake mwaka 1985. Mwaka 1995 Solveig Krey akakabidhiwa nyambizi ya Kobben, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuongoza chombo cha namna hiyo. Binti niliyekuwa nampima hakuwa hata amezaliwa. Denmark na Sweden walifuata mwishoni mwa miaka ya 1980, Australia mwaka 1998, kisha Kanada na wengine. Wakubwa wenye nyambizi za nyuklia ndio waliochelewa: Marekani iliondoa katazo mwaka 2010, Uingereza mwaka 2011, na Ufaransa ikapeleka wanawake wa kwanza kwenye doria mwaka 2018.

Sasa turudi kwenye hewa ya mjomba.

Nina kimashine kidogo cha kupima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, kinaingia mfukoni. Nje ya dirisha langu, upepo wa bahari ukivuma, kinasoma 430 hivi, yaani sehemu 430 katika kila milioni ya hewa. Siku moja ya mvua nilikibeba kwenye daladala ya Mbagala. Watu tumebanana, madirisha yamefungwa, konda anasema bado kuna nafasi. Tulipofika Mtoni kilikuwa kinasoma 3,400. Kijana aliyesimama karibu yangu akauliza, "Hiyo ni simu gani, mama?" Nikamwambia ni ya kupimia kwa nini wote tunasinzia.

Hewa ya ukaa ndani ya nyambizi iliyozama iko huko huko, kwenye maelfu kadhaa, wakati mwingine zaidi. Kwenye nyambizi za nyuklia oksijeni wanaitengeneza wenyewe kwa kuyapasua maji kwa umeme, na hewa ya ukaa wanainasa kwa mitambo yenye kemikali. Mtambo hauimalizi yote, na kuibakiza kiasi ni uamuzi wa makusudi, maana kuiondoa yote kunakula umeme na nafasi. Tofauti na daladala ni kwamba wewe unashuka baada ya saa moja, wao wanashuka baada ya siku sabini na zaidi. Tena ukaa hauko peke yake. Ipo monoksaidi ya kaboni kidogo, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa, hidrojeni inayotoka kwenye betri, mivuke ya rangi, mafuta na majokofu.

Je, mchanganyiko huo unaunguza kizazi? Uingereza waliing'ang'ania hofu hiyo miaka mingi, na ndiyo hasa iliyowaweka wanawake nje. Taasisi yao ya tiba ya wanamaji ilipokaa chini ikachunguza, ikaona haina msingi kwa mwanamke asiye na mimba. Mapafu ya mwanamke yanaitoa hewa ya ukaa kama ya mwanamume. Na mionzi ya kinu cha nyuklia, ambayo ndiyo hofu ya pili ya kila mtu, ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kinu kimezungushiwa kinga nene, na maji ya bahari yaliyo juu ya chombo yanazuia mionzi itokayo angani ambayo sisi wa nchi kavu tunaipata kila siku bila kujua.

Hapo mjomba ameshindwa. Ila kuna kipande kimoja cha hoja yake ambacho sitakitupa, na wenzangu wanaotetea wanawake wasiponikasirikia nitakieleza.

Mimba ni habari nyingine. Mtoto aliye tumboni anaitoa hewa yake ya ukaa kupitia damu ya mama. Damu ya mama ikiwa nayo imejaa, njia inakuwa nzito. Monoksaidi ya kaboni ni mbaya zaidi, inaing'ang'ania damu ya mtoto na inachelewa kuiachia kuliko ya mama. Kwa hiyo Waingereza walipofungua mlango walibaki na kizuizi hicho kimoja: mjamzito haendi baharini na nyambizi. Nakiunga mkono bila kusita.

Shida ni mwanamke asiyejua kama anayo. Anapima leo, kipimo kinasema hakuna, kesho nyambizi inazama, wiki mbili baadaye mambo yanabadilika. Na nyambizi ya makombora ya nyuklia kazi yake ni kujificha, haiibuki kirahisi kwa ajili ya mtu mmoja. Ikitokea ni mimba iliyotunga nje ya kizazi na mrija ukapasuka, mgonjwa anahitaji upasuaji ndani ya saa chache. Hospitali iko wapi? Hii ni hatari ya kweli, na ofisa yeyote mwanamke anayepanda anapaswa kuelezwa waziwazi, apewe na njia za uzazi wa mpango zinazofaa kwa safari ya aina hiyo.

Lakini mbona hatuwakatazi wanaume kwa sababu ya kidole tumbo? Septemba 1942, nyambizi ya Marekani iitwayo Seadragon ikiwa chini ya maji ya adui, baharia mmoja kidole tumbo kilimkamata. Daktari hakuwemo. Aliyempasua ni Wheeler Lipes, msaidizi wa dawa tu, juu ya meza ya chumba cha maofisa, akitumia vijiko vya jikoni vilivyokunjwa kulishikilia jeraha lisijifunge. Mgonjwa akapona na kurudi kazini. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba wenye kidole tumbo wasipande. 

Kwenye meli za kawaida, ambazo ndizo ninazozijua kwa mikono yangu, mwongozo wa kimataifa haumfukuzi mjamzito. Mimba isiyo na matatizo kwa kawaida inamruhusu kufanya kazi hadi wiki ya 24, kutegemea kazi yenyewe na umbali wa chombo kutoka hospitali. Hata hivyo wakala mmoja wa ajira za mabaharia aliwahi kunitaka niwapime mimba wasichana wote kimyakimya, kwa kutumia mkojo ule ule wa kupimia sukari, halafu nimletee majibu yeye kabla ya wao wenyewe. Nilimrudishia fomu zake. Mpaka leo haniletei wateja.

Baada ya hewa watu huja na vitanda na vyoo. Hapa ndipo utaona jinsi wema unavyoweza kumfunga mtu. Australia, walipoanza, waliwatengea wanawake chumba chao cha vitanda sita. Inasikika vizuri, ni staha. Ila nyambizi haina kitanda cha akiba. Mwanamke akimaliza masomo yake inabidi asubiri kitanda cha kike kiwe wazi, huku kozi mwenzake wa kiume akipanda na kupata uzoefu. Na kitanda cha kike kikibaki kitupu, mwanamume hawezi kukilalia. Mwaka 2011 wakaacha utaratibu huo, wakachanganya. Norway nyambizi zao zilikuwa vijisanduku vya watu ishirini na kitu, huna pa kutenga hata ukitaka. Pazia la kitanda ndilo mlango wako.

Kwenye nyambizi nyingine mabaharia wa chini hulala kwa kupokezana. Anayetoka zamu anaingia kwenye kitanda ambacho mwenzake kaamka sasa hivi, godoro bado lina joto. Wamarekani hawakutaka kuanza na balaa hilo, wakaanza na maofisa, kwenye nyambizi kubwa za aina ya Ohio ambazo kila moja ina vikosi viwili vinavyopokezana. Wanawake 24 wa mwanzo waligawanywa watatu watatu katika vikosi vinane. Choo cha maofisa kikawekewa kibao mlangoni, unakigeuza kuonyesha ni zamu ya nani. Kibao tu! Miaka yote ya mabishano, na suluhisho la choo likawa kibao. Baadaye wabunifu wakaenda mbali zaidi. Septemba 2024 walizindua USS New Jersey, ya kwanza katika aina yake kuundwa tangu mwanzo kwa wafanyakazi wa jinsia zote.

Ile ya kuwagawa watatu watatu ndiyo naisifu zaidi. Mwanamke mmoja peke yake kati ya wanaume mia na hamsini anageuka tangazo, kila anachokosea wanakosea wanawake wote. Nimeyaona hayo kwa mabinti wa hapa wanaorudi kutoka melini. Wanalalamikia joto la chumba cha injini, ndiyo, lakini linalowakondesha ni kukosa mtu wa kumwambia, "Umemsikia alichosema yule?"

Na hapo ndipo ulipo ugumu ambao mjomba hakuugusa kabisa. Mwaka 2014 iligundulika kwamba kwenye USS Wyoming, moja ya nyambizi zile za mwanzo, maofisa wanawake walikuwa wakipigwa video kwa siri sehemu ya kubadilishia nguo bafuni. Baharia aliyerekodi akafungwa, na wengine waliohusika wakaadhibiwa. Uingereza, mwaka 2022, wanawake waliowahi kutumikia walisimulia hadharani waliyofanyiwa, uchunguzi ukafanyika, na Oktoba 2024 mkuu wa jeshi lao la majini akaomba radhi. Hakuna mtambo wa kusafisha hewa unaonasa hilo. Siku sabini chini ya maji huwezi kutoka nje ukapunga upepo, huwezi kumpigia mama simu, na unayetakiwa kumshtakia huenda anakula meza moja na aliyekukosea. Nikiulizwa kama daktari, mwanamke apande. Nikiulizwa kama ningempeleka mwanangu, nitauliza kwanza kamanda ni nani, na ndani wako wanawake wangapi.

Nilimwambia binti pia kwamba hana haja ya kutazama Ulaya. Afrika Kusini wana nyambizi tatu pale Simon's Town, na zote zina majina ya wanawake: Manthatisi, Charlotte Maxeke na Queen Modjadji. Ndani ya Manthatisi alitumikia Luteni Kamanda Gillian Hector, mwanamke wa kwanza barani kuwa mwongoza njia wa nyambizi. Septemba 20, 2023, karibu na Kommetjie, wakiwa juu ya maji kwenye zoezi la kupokea vifaa kutoka kwa helikopta, mawimbi yakawazoa mabaharia saba. Watatu walikufa, yeye na wanaume wawili.

Alikaa kimya kidogo. Safari hii hakuwa ameambiwa.

"Alikuwa sitahani?"

"Ndiyo, juu. Nje."

"Kwa hiyo si hewa."

Nikafungua kitambaa cha presha. 112 kwa 70. Macho safi, rangi anazitofautisha zote, masikio mazuri kuliko ya kwangu. Nikamgongea muhuri wa miaka miwili, nikamwambia amsalimie mjomba na amwite anayefuata. Akaingia kijana mrefu, mabega mapana, ndevu zimechongwa. Presha 150 kwa 95. Nikamtuma akakae barazani nusu saa, anywe maji, tutapima tena.